Kifaa Hakijafa, Betri Ndiyo Iliyochoka

Wengi wasafirio kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Korogwe, Moshi au Arusha wanaijua Segera. Ni ile njia panda ya wilaya ya Handeni ambapo barabara itokayo Chalinze hugawanyika: mkono mmoja waelekea Muheza na Tanga mjini, na mkono wa pili waelekea Korogwe na kupanda kaskazini. Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua hali ya betri za nchi hii, simama hapo kwa muda mfupi tu. Abiria aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri na simu iliyojaa chaji, akifika hapo tayari anauliza mahali pa kuchomeka chaja. Mama muuza machungwa analalamika kwamba taa yake ya sola, ambayo zamani iliwaka mpaka usiku wa manane, siku hizi yazimika hata kabla wateja hawajakwisha. Naye mlinzi wa usiku ana tochi ya kuchaji ambayo huwaka kwa dakika tano, kisha hufifia kama kaa lililosahauliwa jikoni.

Watu hawa watatu, wakitaka ushauri, aghalabu hupewa jibu moja: "Hicho kimekufa, nunua kingine."

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanapinga jibu hilo. Mara nyingi simu haijafa, taa haijafa, wala tochi haijafa. Kilichochoka ni kitu kimoja tu kilichomo ndani, nacho ni betri. Na betri ni kitu cha kubadilishwa, kama vile tairi la baiskeli au utambi wa taa ya mafuta. Shida ni kwamba siku hizi betri hiyo imefungiwa ndani, na mwenye kifaa hajui aingilie wapi. Akiingia pasipo kujua, aweza kupata hasara kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia, pengine hata ya nyumba yake.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Redio zetu za zamani zilikula betri za mviringo, zile zilizokuwa zikitengenezwa na kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kwa jina la National, na baadaye Panasonic. Betri zikichoka, hata mtoto wa darasa la pili alijua la kufanya: alifungua mfuniko wa nyuma, akazitoa, akatia mpya. Kama fedha hazikuwepo, zilianikwa juani, au zilitobolewa kwa msumari na kutiwa maji ya chumvi ili zisukume taarifa ya habari ya jioni. Tabia hizo mbili, kuanika na kutoboa, naomba uzikumbuke, maana tutazirudia. Kilichokuwa ujanja kwa betri ya zamani ni hatari kwa betri ya leo.

Simu za mwanzo nazo zilifuata desturi ile ile. Simu ndogo ya vitufe ilifunguliwa mgongo kwa ukucha, betri ikatolewa. Betri maarufu kuliko zote ilikuwa ile ya Nokia iitwayo BL-5C, ambayo mpaka leo utaikuta ndani ya redio ndogo nyingi zinazouzwa masokoni. Halafu mwaka 2007 ikatoka simu ya kwanza ya iPhone, ambayo betri yake haikufunguka kwa mkono. Makampuni mengine yakafuata polepole, na leo takriban kila simu ya kioo ina mgongo uliogandishwa kwa gundi. Watengenezaji wana sababu zao, na si zote za uongo: simu huwa nyembamba zaidi, na vumbi na maji hupata shida kuingia. Lakini pia ni kweli kwamba mtu asiyeweza kubadili betri hununua simu mpya mapema.

Gharama ya mabadiliko hayo inaonekana vizuri katika mikasa miwili ya kweli.

Mwezi wa Agosti mwaka 2007, Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, ziliweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Betri milioni 46 si mchezo. Lakini dawa yake ilikuwa nyepesi: mwenye simu aliambiwa afungue mgongo, atoe betri, asome namba iliyoandikwa nyuma yake, na kama namba ilikuwa miongoni mwa zile zenye mashaka, apewe betri nyingine bila malipo. Simu ilibaki mfukoni mwake.

Miaka tisa baadaye, Agosti 2016, Samsung ilitoa simu ya Galaxy Note 7. Baadhi zikaanza kuwaka moto. Betri ilikuwa imefungiwa ndani, hivyo haikuwezekana kumwambia mtu atoe betri. Ilibidi simu zenyewe, kiasi cha milioni mbili na nusu, ziitwe zirudi. Hata zile zilizotolewa badala yake zikawaka. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo, kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza simu hiyo, na Marekani ikapiga marufuku kuingia nayo ndani ya ndege. Januari 2017 kampuni yenyewe ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa ni betri. Tazama tofauti hiyo, ndugu msikilizaji. Pale ambapo betri ilifunguka, ukucha ulitosha. Pale ambapo haikufunguka, simu nzima ilipotea.

Sasa, kwa nini betri huchoka? Betri nyingi za simu ni za aina ya lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo wanasayansi watatu waliozibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna tabaka mbili nyembamba, na kati yake kitambaa cha plastiki kilicholowa kimiminika. Unapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka tabaka moja kwenda la pili, unapotumia, hurudi. Kila safari huacha chembe chache njiani zisizorudi tena. Baada ya safari kamili kati ya 300 na 500, betri ya kawaida hubakiwa na kiasi cha asilimia 80 ya uwezo wake. Mtu anayechaji kila siku hufika huko katika muda wa mwaka mmoja hivi au miwili.

Joto huharakisha uchakavu huo. Simu iliyowekwa mbele ya kioo cha basi kuanzia Chalinze mpaka Segera kwenye jua la mchana inazeeka kuliko simu iliyokaa mfukoni. Vivyo hivyo taa ya sola inayoachwa imelala juani pamoja na sahani yake. Sahani ndiyo inayohitaji jua. Taa yenyewe yapaswa kukaa kivulini, na waya ndio uwaunganishe.

Basi, kifaa chako kimelegea. Hatua ya kwanza si kutafuta bisibisi. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mkosaji ni betri kweli. Jaribu chaja nyingine na waya mwingine, kwa kuwa waya uliokatika ndani ni ugonjwa wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Zima simu, kisha angalia tundu la chaji; mara nyingi limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni, nazo hutoka kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa sindano. Kama ni taa ya sola, futa sahani kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi jekundu la barabarani hunyima jua. Ukimaliza hayo yote na simu bado yawaka vizuri ikiwa kwenye chaja, lakini yazimika mara uichomoapo, au yaruka kutoka asilimia 40 mpaka 5 kwa kufumba na kufumbua, hapo betri ndiyo mgonjwa.

Ipo dalili moja isiyohitaji kipimo: kuvimba. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, au kioo kimeanza kutoka mahali pake, betri imejaa gesi. Usiichaji tena hata mara moja. Usiibonyeze ili irudi. Usiitoboe ili itoe hewa. Hapa ndipo ile tabia ya msumari inapogeuka kuwa mauti: ukitoboa betri ya lithiamu, zile tabaka mbili hugusana, moto huanza kwa sekunde chache, na moshi wake ni sumu. Kuianika juani nako ni kuichokoza. Izime simu, iweke nje mahali pasipo na kitu cha kuungua, juu ya mchanga au sinia la bati, kisha umwite fundi.

Hatua ya pili ni kuitambua betri yenyewe. Katika vifaa vya watu wetu zimo hasa koo tatu za betri, na koo hizi hazioani.

Ukoo wa kwanza ni betri ya risasi na asidi, ile nzito ya mraba iliyomo ndani ya tochi nyingi za kuchaji na taa za mkononi za bei nafuu. Huandikwa volti 4 au volti 6. Ni ndugu mdogo wa betri ya gari.

Ukoo wa pili ni lithiamu ya kawaida, ya simu na redio ndogo, iliyoandikwa volti 3.7 au 3.8. Ikijaa kabisa hufika kiasi cha volti 4.2, na simu nyingi za kisasa huipandisha juu kidogo ya hapo kwa betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mpaka huo haupaswi kuvukwa.

Ukoo wa tatu ni lithiamu yenye chuma na fosfati, ambayo hutumika katika taa nyingi nzuri za sola kwa sababu huishi miaka mingi na huvumilia joto. Huandikwa volti 3.2, na ikijaa hufika volti 3.65.

Naomba sasa unisikilize kwa makini, maana kosa hili ni jepesi kufanyika na tena laonekana kama werevu. Betri ya tochi ya volti 4 imekufa. Nyumbani ipo simu mbovu yenye betri nzima ya volti 3.7. Kijana asema: nne na tatu nukta saba zinakaribiana, tuhamishe. Akahamisha, tochi ikawaka, akasifiwa. Lakini sehemu ya kuchaji ya tochi ile ilitengenezwa kwa ajili ya betri ya risasi, ambayo hujaa kwenye volti 4.8 hivi, na katika tochi za bei rahisi hakuna hata kinachozuia chaji ikijaa. Itaisukuma betri ya lithiamu kupita mpaka wake wa 4.2. Kama betri ile imenyofolewa kile kibao chake kidogo cha ulinzi, hakuna wa kuisimamisha. Itachajiwa usiku, watu wamelala, pengine juu ya godoro la sponji, chini ya chandarua. Hapo tochi ya elfu chache imekuwa kibiriti.

Kwa hiyo kanuni ni hii: risasi kwa risasi, 3.7 kwa 3.7, 3.2 kwa 3.2. Ukitia ya 3.7 mahali pa 3.2, haitajaa na utaona taa yako ni dhaifu. Ukitia ya 3.2 mahali pa 3.7, itachajiwa kupita kiasi na kuharibika. Hata namba zikipishana kidogo namna gani, usiseme "zinakaribiana".

Baada ya volti, tazama uwezo, yaani ile namba iliyoandikwa pamoja na herufi mAh. Hiyo ndiyo ukubwa wa tenki. Namba iwe sawa na ya zamani au izidi kidogo, mradi umbo litoshe mahali pake bila kulazimishwa. Lakini namba hii ndiyo inayodanganywa kuliko zote madukani. Zipo betri za mviringo, kubwa kidogo kuliko betri ya kawaida ya rimoti, ziitwazo 18650, ambazo hutumika katika tochi na taa. Utaziona zimeandikwa 6,800, 8,800 hata 9,900. Betri nzuri za ukubwa huo zinazotengenezwa na viwanda vikubwa hubeba kiasi cha 3,500 tu. Aliyeandika 9,900 ameandika uongo kwenye karatasi. Ipime mkononi: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, nayo ya bandia aghalabu huwa nyepesi kama gamba la konokono.

Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Simu ziliweza kuzimwa kwa sababu kila simu ina namba yake ya utambulisho inayoonekana kwenye mtandao. Betri bandia haina namba ya kuzimwa. Yule wa kuizima ni wewe mnunuzi, kwa kukataa kuinunua.

Hatua ya tatu ni kuibadili. Hapa niseme wazi kazi ipi ni ya nyumbani na ipi si ya nyumbani.

Tochi na taa zilizofungwa kwa skrubu ni kazi ya nyumbani kwa mtu mzima mwenye mikono tulivu. Kwanza chomoa kila kitu: chaja ya ukutani, waya wa sola, vyote. Tochi nyingi za bei rahisi zinazochomekwa moja kwa moja ukutani hazina kinga kati ya umeme wa volti 230 na nyaya zake za ndani. Ukigusa ndani ikiwa imechomekwa, umegusa umeme wa nyumba. Fungua skrubu, uziweke kwenye kisahani. Kabla ya kugusa waya wowote, chora kwenye karatasi wapi upo mwekundu na wapi upo mweusi, au upige picha. Mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Kata waya mmoja, ufunge ncha yake kwa utepe wa umeme, ndipo ukate wa pili. Ukikata zote mbili kwa mkasi mmoja kwa pamoja, mkasi wenyewe huunganisha chanya na hasi, na utaona cheche. Unapounganisha mpya fanya vivyo hivyo, waya mmoja baada ya mwingine, mwekundu kwa mwekundu, na kila kiungo kifungwe utepe wake.

Kwa betri za lithiamu lipo sharti jingine: usichomelee risasi moja kwa moja juu ya betri. Joto la chuma cha kuchomelea huharibu kile kitambaa cha ndani. Nunua betri iliyokwisha tiwa vipande vya bati au nyaya kutoka kiwandani, yenye kibao chake cha ulinzi. Ukikuta betri yenye kichomekeo chake cha plastiki kinachofanana na cha zamani, umebahatika; hakuna kukata wala kuchomelea.

Simu ya kioo ni jambo jingine. Yawezekana kuifungua mwenyewe, na wapo wanaofanya hivyo, lakini yafaa ujue njia yote kabla ya kuanza. Huanza kwa kuitumia simu mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 25, kwa sababu betri iliyojaa huwaka vikali zaidi ikijeruhiwa. Huzimwa. Mgongo hupashwa joto la kadiri ili gundi ilegee, na kadi nyembamba ya plastiki huzungushwa pembeni taratibu. Ndani, kitu cha kwanza kuchomolewa ni kichomekeo cha betri, kabla ya kugusa skrubu nyingine yoyote iliyo karibu na umeme. Kisha inakuja sehemu ngumu: betri imegandishwa kwa gundi. Simu nyingine zina utepe wa kuvutwa. Ukivutwa polepole betri hutoka yenyewe. Nyingine hazina, na hapo hutumika plastiki laini na matone machache ya spiriti kulegeza gundi. Bisibisi ya chuma isitumike asilani kuibandua betri. Ikikunjika, isirudishwe kazini. Na ujue kwamba simu iliyofunguliwa, hata ikigandishwa upya, isihesabiwe tena kuwa inazuia maji kama ilipotoka kiwandani.

Kama maelezo haya yamekutoa jasho, basi kazi hiyo mpe fundi. Si aibu. Lakini kumpa fundi hakumaanishi kumwachia akili yako. Muulize, "Fundi, betri hii ni ya volti ngapi? Nionyeshe." Kaa hapo hapo aone unatazama. Omba kupewa betri ya zamani uione kwa macho yako, maana wapo wanaoondoka na betri ile ile waliyokuja nayo. Patana muda wa dhamana, hata kama ni wiki mbili. Kabla ya kumkabidhi simu, toa laini yako uiweke mfukoni, andika namba za watu muhimu kwenye daftari, na hifadhi picha zako mahali pengine. Simu ya leo ni benki ya mkulima na ya mama wa sokoni. Kubadili betri hakuhitaji namba yako ya siri ya fedha. Anayeiomba anatafuta jambo lingine.

Betri mpya ikishaingia, mchajie mara ya kwanza mchana, macho yakiona, simu ikiwa juu ya meza au sakafu ya saruji. Iguse kila baada ya muda. Uvuguvugu ni kawaida. Ikichoma mkono, chomoa. Ikitoa moshi, chomoa chaja ukutani kama mkono unafika salama, watoe watoto nje, na usivute moshi ule. Maji mengi hupoza betri ya simu, mradi umeme umekwisha kutolewa, na mchanga huzuia moto usisambae.

Imebaki betri ya zamani. Nyumba nyingi huitupa shimoni pamoja na taka, na taka zikijaa huchomwa. Betri ya lithiamu kwenye moto hulipuka. Betri ya risasi, nayo, ina sumu ya kuishi miaka. Majirani zetu wa Owino Uhuru, huko Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kutoa risasi. Watoto wakapata sumu ya risasi katika damu. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, aliongoza kudai haki, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama huko Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fidia ni jambo jema, lakini haimrudishii mtoto akili aliyonyang'anywa na risasi.

Kwa hiyo usiipasue betri ya tochi ili kupata risasi, na mtoto asiichezee. Funga ncha za betri chakavu kwa utepe ili zisigusane na chuma, uiweke kwenye kopo kavu lisilo na vitu vingine, na uipeleke kwa fundi au mnunuzi wa betri chakavu anayefahamika. Halmashauri zetu nazo zingeweza kusaidia sana kwa jambo dogo: pipa moja lenye mfuniko pale stendi na sokoni, lililoandikwa "Betri Tu". Mahali wanapopita watu wengi kama Segera pangefaa kuwa pa mfano.

Zipo dalili kwamba dunia inaanza kurudi kwenye ule mfuniko wa ukucha. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri mwaka 2023, ambayo imepanga kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vya mkononi vinavyouzwa huko viwe na betri ambayo mwenye kifaa mwenyewe aweza kuitoa na kuibadili kwa zana za kawaida, isipokuwa vifaa vichache vilivyoachwa. Tena kuanzia Juni 2025 simu zinazoingia katika soko hilo zinatakiwa kuwa na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Sheria hiyo si yetu. Lakini viwanda ni vile vile vinavyotuletea simu, na mnunuzi wa Handeni ana haki ya kuuliza swali lile lile analouliza mnunuzi wa Ufaransa.

Swali hilo liulizwe dukani, kabla ya fedha kutoka mfukoni: "Betri ya kifaa hiki ikichoka, inabadilishwa? Na betri yake inapatikana wapi?" Muuzaji akikosa jibu, geuza kifaa uangalie mgongo wake. Kati ya taa mbili za bei moja, ile yenye skrubu nne ina thamani kuliko ile iliyogandishwa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Taa ya zamani iliyobadilishwa betri itamwangazia mtoto daftari lake leo usiku kama ilivyomwangazia mwaka juzi, na tofauti ya bei yaweza kununua daftari lenyewe.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.